Bibi Haendi Lusaka

Watu hawaangalii uso wa mtu aliyebeba kabati. Hilo nimejifunza kazini, halimo kwenye mtaala wa kidato cha nne. Unaweza kuingia nyumba ya mtu, ukahesabu shuka zake, ukajua anakoficha dawa ya kupunguza tumbo, ukanywa chai yake jikoni, na kesho mkikutana sokoni Majengo anakupita kama nguzo ya umeme. Kwa miaka miwili jambo hilo liliniudhi. Jumanne ile nilipoingia kwa Madam Restuta, kule Ilazo, nililishukuru.

Naitwa Penina, mtu wa orodha. Kampuni yetu ni ndogo: bosi Imrani, dereva Khalidi, vijana wanne wa mgongo, lori moja la turubai la bluu, na mimi mwenye kalamu. Kazi yetu ni kuhamisha watu. Zamani tulikuwa tunawatoa Dar na mafaili yao tunawaleta hapa makao makuu. Siku hizi tunawavusha hata mipaka. Imrani ni Mnyamwezi, wazee wake walifika Dodoma na misafara ya pembe wakaota mizizi hapa hapa mjini. Mimi ni Mgogo wa Ihumwa. Kwa hiyo sisi ni watani, na tangu saa moja asubuhi ni kushambuliana tu.

"Babu yako alibeba pembe toka Tabora mpaka pwani," humwambia. "Wewe unabeba friji toka Ilazo mpaka Lusaka. Ukoo mzima haujapanda cheo."

"Na babu yako alikaa njiani kudai hongo," hunijibu. "Kitambaa, shanga, waya wa shaba. Asipopewa, msafara haunywi maji. Wewe angalau umepata kalamu."

Hapo huwa simbishii. Enzi hizo hakuna msafara uliokatiza Ugogo bila kulipa hongo, na wazee wetu hawakuiona kuwa rushwa. Ilikuwa haki ya mwenye nchi na mwenye kisima.

Basi, Madam Restuta. Alikuwa amepata kazi Lusaka, kwenye shirika lenye jina refu kuliko barabara ya kwenda huko. Alitupokea mlangoni na simu sikioni.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Ndio nyie wa mizigo? Vueni viatu."

Tukavua. Soksi za vijana wetu zilikuwa na madirisha, nao wakakunja vidole kuyaficha. Mimi nikaingia sebuleni peku na ubao wangu wa kuandikia. Sofa, televisheni pana kama mlango wa kanisa, na sakafuni ngozi ya ng'ombe wa madoa, kubwa, ya kukaushwa juani. Nikageuza macho kwenye kona ya dirishani.

Pale alikuwa amekaa Bibi, na chombo cha maua kichwani.

Bibi ni ngoma. Ndiyo ngoma kubwa ya kikundi cha akina mama cha Ihumwa, wapiga muheme, ngoma ile ya kubana mapajani na kuipiga kwa viganja huku mabega yakisema. Aliichongesha mama yake mama yangu, ndiyo maana ya jina. Alipofariki, akaachiwa mama yangu, Anyesi, aitunze: aipashe moto kabla ya harusi, aipake mafuta, ailaze mahali panya hawafiki. Mimi mwenyewe nikiwa na miaka sita niliisogeza mno kwenye moto wa nyasi nikaiunguza mguuni. Kovu likabaki, umbo la punje ya haragwe. Na mimi nikabakiwa na langu, kwa fimbo.

Mwaka 2021 Madam Restuta alikuwa mlezi wa kikundi. Alikuja Ihumwa na gari lake jeupe akasema ngoma inatakiwa kwenye maonyesho mjini, wiki moja tu. Mama akaitoa. Hakudai karatasi, unamdaije karatasi mlezi aliyekuletea sare za kitenge? Wiki ikawa mwezi. Akina mama walipouliza, Madam akajibu bila kupepesa: "Nilimrudishia Anyesi mwenyewe, mkononi kwake, mwezi wa tisa."

Neno la mwenye gari na neno la mpika pombe ya uwele. Mizani haikuhangaika.

Wagogo tukimkasirikia mtu hatumwandikii barua. Tunamwimba. Angelina, mwimbishaji wa kikundi, alitunga wimbo kwa siku moja, na ubaya wake ni kwamba ulikuwa mzuri: *Anyesi kala ngoma, ngozi kaifanya mboga, mti kaufanya kuni, mwanawe kashiba mlio.* Huyo mwanawe ni mimi. Nilikuwa bwenini Kondoa, nikausikia niliporudi likizo, unaimbwa na watoto kisimani. Mama akaanza kuchota maji saa ya jua kali, wakati hakuna watu. Harusi akaacha. Dukani wakamwita Mla Ngoma. Miaka minne.

Na miaka yote hiyo Bibi alikuwa Ilazo, anashikilia maua.

Nilisimama pale na ubao wangu. Wazo la kwanza lilikuwa kuibeba na kukimbia. Lakini Imrani ana sheria moja, na ameichora kwa rangi ubavuni mwa lori: KILICHO CHAKO KINAFUNGULIWA KWA KAULI YAKO. Hakuna anayegusa mali ya mtu bila mdomo wa mwenyewe. Halafu nikiiba, Angelina ataongeza ubeti: mama kaila, binti kaiba. Nikisema tu nimeiona, Madam atasema kainunua sokoni, na Alhamisi lori linaondoka. Ikishavuka mpaka wa Tunduma, jina la mama limevuka nayo.

Kwa hiyo mdomo wa mwenyewe ndio niliouhitaji. Nikachomoa kalamu.

Ukivusha vyombo vya ndani kwenda nchi ya watu, inabidi waamini ni vyako, umevitumia, huendi kuvichuuza. Ndiyo maana orodha yetu ina safu nne: namba, kitu, umekipataje, unacho tangu lini. Chini ya kila ukurasa mwenye mali anaandika kwa mkono wake kwamba ni kweli tupu, anatia sahihi. Karatasi hizo ndizo roho ya safari. Bila hizo lori linalala mpakani na godoro lako linalala na madereva.

Tukaanza. Namba moja friji, namba mbili jiko la gesi. Madam alikuwa anapenda orodha. Kila kitu alikipa historia, hata kikaango. Namba kumi na mbili, ngozi ya ng'ombe, kanunua mnadani mwaka jana. Tukaenda hivyo mpaka nikafika dirishani.

"Arobaini na saba, Madam?"

"Hiyo andika meza ya maua."

Nikapiga magoti, nikajifanya fundi seremala. Kovu lilikuwepo. Haragwe langu.

"Madam, hii juu ina ngozi. Nikiandika meza, afisa akifungua akakuta ngoma, ataona tunamficha. Ataanza kufungua na mengine, mpaka nguo za ndani, barabarani pale, madereva wanaangalia."

"Mungu wangu! Andika ngoma."

"Umeipataje? Ya kununua wataiuliza maswali. Ya zawadi haina maneno."

"Zawadi. Nilipewa na kikundi cha akina mama wa Ihumwa. Nilikuwa mlezi wao kabla hawajaanza kutafunana."

"Poleni. Walitafunana kwa sababu gani?"

"Ujinga tu. Mmoja wao alipoteza ngoma." Akasema hivyo huku ameegemeza kiwiko juu ya Bibi.

Niliuma kalamu mpaka kifuniko kikapasuka. "Unayo tangu lini?"

"Agosti 2021."

"Hujawahi kuirudisha halafu ukaichukua tena? Inatakiwa iwe mfululizo."

"We binti, haijatoka hapo ilipo! Andika mfululizo."

"Na jina la aliyekukabidhi?"

Akacheka. "Acha. Nani atamjua mtunza ngoma wa Ihumwa huko mpakani?"

Nikamsomea polepole, kila neno: "Namba arobaini na saba, ngoma ya kienyeji, zawadi ya kikundi cha akina mama Ihumwa, ninayo mfululizo tangu Agosti 2021, haijawahi kutoka mikononi mwangu. Sawa, Madam?"

"Sawa. Mbona unaandika vizuri hivyo na unabeba vyombo?"

"Hesabu zilinishinda, Madam. Lakini naendelea kujifunza kujumlisha."

Akatia sahihi yenye mikia mitatu. Nikamtua Bibi chombo cha maua. Chini yake palikuwa na duara jeusi, lenye unyevu. Sikulitilia maanani. Nilikuwa naangalia sahihi ilivyokuwa inakauka.

Saa tisa alasiri nilikuwa Ihumwa, uani kwa Angelina. Alikuwa anapepeta uwele, kanga kiunoni, na alipoacha ungo kunipokea nikaona hanitazami sawasawa. Watu waliokuimba hawakutazami sawasawa.

"Mbukwa, Penina. Mama yako mzima?"

"Mzima, mama mdogo. Bado anashiba mlio."

Akainama kwenye ungo wake. Nikampa nakala ya ukurasa, na picha kwenye simu. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alipofika kwenye "mfululizo" kidole kikasimama.

"Hii ni sahihi yake?"

"Linganisha na ile ya kwenye daftari lenu la kikundi. Mikia mitatu."

"Lakini alisema mwezi wa tisa alimrudishia Anyesi mkononi."

"Alisema kwenu. Kwa watu wa forodha amesema vingine. Inaonekana watu wa forodha anawaogopa, nyie hawaogopi."

Uwele ukaanza kumwagika kwenye ukingo wa ungo, kuku wakaja. Hakuwafukuza.

"Tumuombe radhi mama yako," akasema. "Leo hii. Tuchinje kuku, tukae naye ndani, yaishe."

"Ndani? Wimbo mliuimba ndani?"

Akazoa kwa kiganja uwele uliomwagika.

"Mama mdogo, ule wimbo ulitungwa vizuri. Nisingependa upotee. Keshokutwa saa nne asubuhi lori linapakia Ilazo. Njooni na ngoma zote, njooni na sauti. Ubeti wa kwanza uimbeni kama ulivyo. Wa pili ubadilisheni jina."

"Na yule ni Madam, mwanangu. Ana watu wakubwa."

"Na mama yangu alikuwa na nani?"

Akaokota ungo. "Tuko kumi na wanne," akasema. "Tutakodi kirikuu mbili, tupakiane nyuma."

Nyumbani nikamwambia mama wakati anasugua sufuria. Nilitegemea alie, au anibariki, au hata anitandike kwa kunyamaza mchana kutwa. Aliuliza kitu kimoja: "Ngozi yake ikoje?"

"Sijui. Niliangalia kovu."

"Sisi tunaangalia ngozi kwanza." Akasugua kidogo. "Na wao watakuja?"

"Wote."

"Na wimbo?"

"Na wimbo."

Akasuuza sufuria, akaifunika juani. "Nitavaa viatu gani?" akaniuliza, na hapo ndipo nilipojua kwamba anakwenda vitani.

Alhamisi saa nne lori lilikuwa limejaa robo tatu. Friji ndani, sofa ndani, Bibi amefungwa kwa blanketi na karatasi ngumu, namba 47 ubavuni kwa kalamu nene, anasubiri getini na vitu vidogo vya mwisho. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa imeviringishwa imeegemea tairi. Imrani alikuwa ananipigia kelele kwamba Wagogo tunafunga kamba kama tunafunga mbuzi, mara kirikuu mbili zikakata kona.

Waliteremka kumi na wanne, sare za kitenge zile zile alizowaletea yeye. Hawakusalimia mtu. Walitandika kanga barabarani mbele ya lori, wakakaa, wakabana ngoma mapajani. Khalidi aliyekuwa kwenye usukani akatoa kichwa dirishani.

"Jamani, mimi nina safari!"

"Na sisi tuna ngoma," Angelina akamjibu.

Madam Restuta akatoka na miwani ya jua. Sasa hapa ndipo Mungu alipoonyesha kwamba na yeye ana utani. Madam alipoona sare, alishika kifua. Alidhani wamekuja kumuaga!

"Jamani! Jamani, watu wangu wa Ihumwa!" Akachomoa simu, akafungua video kwa wanawake wa ofisi yake ya zamani, thelathini na kitu kwa mpigo. "Wapenzi, mnaona? Hivi ndivyo mtu anavyopendwa! Wamekuja na ngoma kuniaga!" Akajigeuza na simu ili aonekane yeye mbele na wao nyuma.

Ngoma zikaanza. Mimi sijui kuandika muheme, haiandikiki. Mabega ya Madam yakaanza yenyewe. Ni Mgogo mwenzetu, damu haina aibu. Wakaingia na ubeti wa kwanza kwa Kigogo, *Anyesi kala ngoma*, naye akaujua, akacheka, akapiga makofi. "Huo wimbo wao wa zamani," akawaeleza wenzake kwenye simu, "kuna mama mmoja aliiba ngoma!"

Hapo mama yangu akateremka kwenye bajaji. Alikuwa amekataa kupanda gari moja nao. Alivaa viatu vyangu vyeupe vya ubatizo wa dada, vinambana, na alitembea navyo kama havimbani.

Angelina akainua mkono. Ngoma zikashuka sauti, na ubeti wa pili ukaja kwa Kiswahili safi, ili asiyejua Kigogo asisumbuke:

*Tulikosea jina, tulikosea mlango,*
*Restuta kala ngoma, ngozi kaifanya meza,*
*kichwani kaiweka maua, Ilazo miaka minne.*
*Leo anahama nayo, mwenye macho na aone.*

Mabega ya Madam yalisimama katikati ya mdundo. Simu ilibaki juu, mkono uligandamana nayo.

"Nini hii?" akasema. "Imrani! Waondoe hawa watu!"

"Madam, wako barabarani. Barabara haimo kwenye orodha yetu."

"Sina ngoma ya mtu! Kuna meza niliinunua…"

Nikafungua ubao wangu ukurasa wa tatu. Sikusoma haraka. Nilisoma kama ninavyosoma somo kanisani, kwa pumzi: "Zawadi ya kikundi cha akina mama Ihumwa. Ninayo mfululizo tangu Agosti 2021. Haijawahi kutoka mikononi mwangu. Nathibitisha ni kweli tupu." Nikawageuzia sahihi.

"Tulikupa lini zawadi?" sauti moja ikauliza toka kwenye kanga.

"Ulimrudishia Anyesi mkono gani?" nyingine ikauliza. "Huu unaotia sahihi au ule mwingine?"

Hapo Madam ndiyo kwanza akaniangalia usoni. Siku tatu nyumbani kwake, ndiyo kwanza. Niliona anatafuta, pua, macho, halafu akamwangalia mama aliyesimama nyuma yangu, halafu mimi tena.

"Wewe ni…"

"Ndiye aliyeshiba mlio, Madam. Na simu yako bado iko hewani."

Akaikata ile video. Simu ikaanza kuita papo hapo, ikaita, ikaita.

"Chukueni basi," akasema chini chini. "Si hiyo hapo. Chukueni mwende."

Imrani akasogea. Nilijua atasema nini, nilikuwa nimemtegemea kwa hilo. "Hapana, Madam. Kilichofungwa hatukifungui kwa 'chukueni'. Taja namba, taja kitu, taja kwa nini kinatoka. Kwa sauti, na vijana wangu wasikie. Ndiyo sheria yangu, imeandikwa pale ubavuni."

"Imrani, mimi ni mteja wako!"

"Ndiyo maana naifuata."

Aliangalia lori, aliangalia wanawake kumi na wanne waliokaa mbele ya magurudumu kama mawe ya Ugogo kwenyewe, aliangalia saa. Alikuwa na gari dogo linalomsubiri, alikuwa na miadi Tunduma.

"Fungueni namba arobaini na saba," akasema.

"Kitu gani?" nikauliza.

"Ngoma."

"Inatoka kwa nini?"

Midomo ikakataa, akailazimisha. "Ni ya Anyesi. Sikumrudishia."

Mtu mmoja kwenye kanga alianza kulia. Ningependa kusema nilimhurumia. Nilimhesabu tu: mmoja.

Vijana wakakata kamba. Mama akakaa chini kwenye vumbi na viatu vyeupe, akamkumbatia Bibi, akambana mapajani, akainua kiganja. Hata fundi baiskeli wa kona aliacha pampu, akasogea. Mama akapiga.

*Pu.*

Kama gunia la unga lililonyeshewa. Akapiga tena, pembeni. *Pu.* Ngozi ilikuwa imeoza katikati, duara lile jeusi. Miaka minne ya maji ya maua, kila asubuhi. Kidole chake kikazama kikatoboa upande wa pili.

Jamani, mimi nilikuwa na maneno tayari ya kila jambo siku ile. Kwa hilo sikuwa nayo. Nilifikiri, nimemrudishia mama maiti.

Mama alitazama tundu. Alilichungulia kwa jicho moja, kama mtu anayechungulia mtungi. Kisha akasimama, akavua viatu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye tairi la lori. Akaikunjua ile ngozi ya ng'ombe wa madoa. Akainusa. Akaigonga kwa ukucha katikati, akatega sikio, akaigonga pembeni.

"Hii haikutiwa dawa ya kiwandani," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza mbele ya kikundi tangu 2021. "Hii italia."

"Hiyo nilinunua mnadani!" Madam akaruka. "Hiyo ni yangu kweli, ina stakabadhi!"

"Najua ni yako," mama akasema. "Na ile ya Bibi ilikuwa ya nani?"

Madam akamgeukia Imrani. Imrani akavua kofia, akajikuna utosi, na nikaona tabasamu la mtani linamtoka kwa nguvu.

"Madam, mimi mjukuu wa msafara. Babu zangu walisimamishwa hapa hapa na hawa hawa, na mizigo kichwani. Waliniachia neno moja tu: ukifika Ugogo, toa hongo upite. Hawa hawainuki."

Na kweli hawakuinuka. Walianza ubeti wa pili upya, polepole, bila hasira, kama watu wenye siku nzima na chakula kwenye vikapu.

"Chukueni!" Halafu akakumbuka sheria, akafumba macho: "Namba kumi na mbili. Ngozi. Inatoka… fidia."

Nikakata mistari miwili kwenye orodha. Pembeni ya kumi na mbili nikaandika: *Imetolewa na mwenyewe, fidia ya ngozi aliyoiozesha.* Pembeni ya arobaini na saba nikaandika: *Imerudishwa kwa mwenyewe, Anyesi, mtunza ngoma wa Ihumwa, mbele ya mashahidi kumi na wanne.* Pafutwapo lazima patiwe sahihi, nikampa kalamu.

"Andika upya ukurasa," akaniomba. Madam, akaniomba! "Andika safi, usiandike hayo."

"Kila ukurasa una mhuri wa wakala wa forodha na namba yake, Madam. Ukurasa wa tatu ukikosekana lori linalala mpakani. Unataka lilale?"

Akatia sahihi. Mikia haikutokea.

Wanawake walipofungua barabara, Angelina alimfuata mama, akapiga goti pale vumbini. "Dada Anyesi, tusamehe. Rudi kikundini. Bila wewe hatuna mkono wa ngoma kubwa."

Mama alikuwa anaviringisha ngozi. "Mliniimba harusi tatu," akasema, "kisimani, dukani na mbele ya kanisa. Kwanza pitieni kote huko na ubeti wa pili. Nitakuwa nasikiliza. Halafu mje kunyoa ngozi."

Khalidi alipiga simu Jumamosi mchana, toka ng'ambo ya Tunduma. Tulikuwa uani, ngozi ilikuwa imelala kwenye pipa la maji siku mbili, na mama alikuwa anaikwangua manyoya kwa kisu. Nikaweka simu sauti kubwa juu ya kinu.

"Penina, mtani wa bosi! Tumevuka. Lakini we mtoto una roho mbaya."

"Kwa nini, kaka?"

"Afisa kapitia orodha mstari kwa mstari, yule mama amesimama dirishani na miwani yake. Kafika ukurasa wa tatu, kasimama. Akaita na mwenzake aje asome. Watu foleni wamejaa. Akamuuliza: 'Samahani, mama, huyu Anyesi ni nani?'"

Kisu cha mama kikasimama.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Angesemaje? Alianza kuzunguka. Afisa akasema hapa pamefutwa, lazima nielewe. Ikabidi aeleze yote, toka maonyesho mpaka maua. Foleni nzima inasikiliza. Kuna dereva wa mafuta alikuwa anatafsiria wenzake."

Mama akafuta mikono kwenye kanga. Aliisogelea simu, akainama juu ya kinu kama anayezungumza na mtu aliye kisimani.

"Khalidi, mwanangu," akasema.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu rudia pale alipouliza jina."